Kurutu Asiye na Cheti



Kila Jeshi la Ulinzi la Kenya linapotangaza nafasi za makurutu, vijana huwa wameshayakariri masharti yake. Uwe raia wa Kenya. Uwe na umri wa kati ya miaka 18 na 26. Uje na kitambulisho cha taifa na vyeti vya masomo, vyote halisi, si nakala. Kisha yanafuata ya mwili: urefu, uzito, meno, macho, mbio. Siku ikifika, uwanja unajaa tangu alfajiri. Tumezoea kuwazungumzia wanaoangushwa na mbio, na tumewazungumzia sana wanaotapeliwa kwa kuuziwa barua bandia za kuitwa jeshini. Leo nataka tulitazame kundi ambalo halifiki hata kwenye mbio: vijana wenye afya na nia ya kuitumikia nchi, lakini hawana karatasi ya kuonyesha walizaliwa lini na wapi.

Namzungumzia msichana wa Turkana aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, mbali na zahanati, ambaye mama yake anaikumbuka vizuri mvua iliyonyesha wiki ile, ila tarehe haijui. Namzungumzia kijana wa Kibra ambaye babu wa babu yake alivaa sare ya jeshi la Mwingereza, naye leo akitaka kuvaa sare ya Kenya anaulizwa kwanza kama ni Mkenya. Namzungumzia pia yatima wa Kwale aliyelelewa na nyanya, ambaye ofisi ya usajili inamtaka alete kitambulisho cha mzazi aliyekwisha kuzikwa.

Ninavyoliona jambo hili, tumeyafunga maswali mawili katika karatasi moja. La kwanza ni la umri: huyu amefikisha miaka 18? Swali hilo lipo ili mtoto asipelekwe vitani. La pili ni la uraia: huyu ni wetu? Hilo lipo kwa ajili ya kuilinda nchi. Cheti cha kuzaliwa kikiwepo, yote mawili hujibiwa kwa mpigo na hakuna anayeiona tofauti. Kisipokuwepo, tofauti inajitokeza, kwa sababu shaka katika swali la kwanza yapasa itupeleke upande mmoja, na shaka katika la pili itupeleke upande mwingine. Ukiwa na shaka kama mtu ni mtoto, mrudishe nyumbani. Ukiwa na shaka kama mtu ni raia, huna haki ya kumrudisha kwa sababu tu jina lake limekukaa vibaya masikioni. Hapo kazi ya kuchunguza mpaka jibu lipatikane ni ya dola. Sisi tumezoea kufanya kinyume chake. Kwenye umri tunalegeza, kwenye uraia tunakaza.

Tuanze na umri.

Sheria haina utata. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unakataza mtoto yeyote kuandikwa jeshini, na mtoto kwa mkataba huo ni kila aliye chini ya miaka 18. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto katika vita, iliyopitishwa Mei 2000 na kuanza kutumika Februari 2002, inasema kwamba anayejiunga kwa hiari lazima atoe uthibitisho wa kuaminika wa umri wake kabla ya kupokelewa. Sikiliza vizuri hapo: uthibitisho wa kuaminika. Itifaki haikusema cheti cha kuzaliwa. Walioiandika walijua kwamba dunia ina mamilioni ya watu wasio na cheti, wakaacha nafasi ya ushahidi mwingine. Na Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Kenya ya mwaka 2012 inamkataza afisa kumwandika mtu aliye chini ya miaka 18.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Sheria za kijeshi tulizorithi kutoka kwa Waingereza zilizungumzia umri wa kuonekana. Afisa alikutazama usoni, akakupima kifua, akaamua wewe ni mtu mzima. King's African Rifles, jeshi lililoanzishwa mwaka 1902, liliwachukua maelfu ya vijana wa nchi hizi kwa namna hiyo. Idi Amin, aliyeingia jeshi hilo katika miaka ya 1940 na kuja kuitawala Uganda mwaka 1971, mpaka leo wanahistoria hawakubaliani alizaliwa mwaka gani, wala kama ni Koboko au Kampala. Kwa askari wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Wala si la zamani tu. Nchini Kenya, mwaka 1971 ndipo sheria ya lazima ya kusajili vizazi ilipofika nchi nzima, lakini sheria kufika ni jambo moja na mkunga wa kijijini kujua njia ya kwenda kwa naibu wa chifu ni jambo jingine. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2008 na 2009 ulikuta kwamba watoto waliosajiliwa, kati ya walio chini ya miaka 5, ni kiasi cha asilimia 60, na vijijini ni wachache zaidi kuliko mijini. Piga hesabu, msikilizaji. Watoto wale ndio vijana wanaosimama uwanjani leo. Wawili katika kila watano walikuwa bado hawajaandikwa popote na serikali. Kwa jirani zetu wa Tanzania hali ilikuwa nzito zaidi: utafiti kama huo wa mwaka 2010 ulikuta waliosajiliwa ni asilimia 16 tu. Ndiyo maana wakala wao wa usajili, RITA, ulianza mwaka 2013 kule Mbeya kupeleka usajili wa bure wa watoto kwenye zahanati na ofisi za kata. Kazi hiyo ni nzuri, lakini kwa aliyezaliwa mwaka 2005 au 2006, anayetaka kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, leo, ilikuja akiwa amekwisha kuvuka umri uliolengwa.

Basi kijana hupata cheti kwa kuchelewa. Shule imemtaka kabla ya kumsajili kwa mtihani, mzazi akakimbia kwa chifu, tarehe ikakadiriwa pale pale. Wakimbizi na watu wengi wa kaskazini wanaijua tarehe 1 Januari. Imeandikwa kwenye karatasi za watu wengi kupita kiasi, kwa sababu karani akikosa siku huandika ya kwanza ya mwaka. Cheti cha namna hiyo ni halali kisheria, lakini kuhusu umri hakikwambii chochote ambacho karani hakukijua siku ile. Na kinapinda kirahisi. Hapa kwetu mara nyingi hupindishwa kuelekea chini. Mtu ana miaka 29, hana kazi, jeshi linataka mwisho 26. Anatafuta hati ya kiapo inayosema kwamba tarehe ya kwanza ilikosewa, na miaka minne inaondoka. Afisa wa usajili aliyeyaona hayo mara nyingi huanza kukishuku kila cheti kilichochelewa, na hapo anayeumia ni yule aliyechelewa bila kudanganya.

Kuna wanaodhani hospitali italimaliza jambo hili. Piga eksirei ya mkono, wanasema, mifupa haidanganyi. Ni kweli kwamba madaktari wana kitabu cha picha za mifupa ya mkono na kifundo chake, kazi ya Greulich na Pyle iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1950, ambacho bado kinatumika duniani kote. Lakini picha zile zilitokana na watoto wa Marekani, wengi wao wa familia zenye uwezo, wa Cleveland katika jimbo la Ohio. Zilikusudiwa kumwonyesha daktari kama mtoto anakua sawasawa, na hazikutengenezwa kwa ajili ya mahakama wala jeshi. Makosa ya miaka miwili mbele au nyuma ni jambo la kawaida. Mtoto aliyekosa chakula katika miaka ya ukame mifupa yake huchelewa kukomaa. Gego la mwisho nalo humtoka mmoja akiwa na miaka 17 na mwingine akiwa na miaka 23. Eksirei inaweza kukusaidia kumtenga mtoto wa miaka 13 na mtu wa miaka 20. Mpaka wa miaka 18, ambao ndio tunaoutafuta, haiwezi kukuonyesha.

Jambo hili lilijaribiwa mbele ya majaji wakubwa kabisa, na kisa chenyewe ni cha watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Thomas Lubanga wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ndiye mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague. Tarehe 14 Machi 2012 alipatikana na hatia ya kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake na kuwatumia vitani mwaka 2002 na 2003, na Julai mwaka huo akafungwa miaka 14. Katika kesi ile umri ndio uliokuwa mfupa mgumu. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa haba, kumbukumbu za shule ziligongana na maneno ya mashahidi, na baadhi ya vijana waliosema walikuwa askari watoto hawakuaminika. Wataalamu walileta eksirei za mikono na meno, majaji wakazipokea kwa tahadhari kubwa. Kilichowaridhisha zaidi zilikuwa picha za video za wakati ule ule, zikiwaonyesha walinzi na makurutu ambao mtu yeyote mwenye macho aliona ni watoto wadogo, wako mbali sana na miaka 15.

Kongo haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho. Mtoto mwenye mwili mkubwa aliipata bila shida, na akiwa nayo alikuwa mtu mzima mbele ya kila ofisi. Wakongo wanawajua makadogo, watoto walioandamana na jeshi la waasi la Laurent Kabila kutoka mashariki mpaka Kinshasa mwaka 1996 na 1997. Kabila mwenyewe, akiwa rais, aliuawa Januari 2001 na mlinzi wake aliyetoka katika kundi hilo hilo. Hiyo ndiyo gharama ya nchi isiyoulizia umri wa watu inaowapa bunduki.

Lakini Kongo hiyo hiyo ilitupa funzo jingine, na hili halisimuliwi vya kutosha. Oktoba 2012 serikali ya Kinshasa ilitia saini mpango na Umoja wa Mataifa wa kuacha kuwaandika watoto. Watumishi wa ulinzi wa watoto, raia wasio askari, wakaanza kukaa na makurutu na kuwahoji mmoja mmoja kabla hawajaingia mafunzoni, na waliobainika kuwa watoto wakatolewa. Mwaka 2017 jeshi la taifa likaondolewa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wanaosajili watoto, ingawa makundi ya msituni yamebaki humo. Uganda ilikuwa imepita njia kama hiyo: mpango ulitiwa saini mwaka 2009, na jeshi likatoka orodhani. Kwa hiyo umri unaweza kuthibitishwa hata penye uhaba wa vyeti. Kinachotakiwa ni muda, na mtu wa kuamua ambaye hahitaji kujaza idadi ya makurutu.

Na njia yenyewe ni ipi? Mimi naamini katika karatasi iliyoandikwa kabla hapajakuwa na sababu ya kudanganya. Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo, iliyokunjwa mpaka ikachanika. Kitabu cha ubatizo cha parokia. Daftari la madrasa. Rejesta ya shule ya msingi ya siku mtoto alipoingia darasa la kwanza. Mwalimu aliyeliandika jina la mtoto wa miaka 6 mwaka 2011 hakuwa akiliwazia jeshi, na mama aliyembeba mtoto kwenda kudungwa sindano ya surua hakuwa akiwazia mwisho wa miaka 26. Karatasi hizo zina uzito kuliko hati ya kiapo iliyopigwa muhuri wiki iliyopita, hata kama hati hiyo ni safi na nzuri kuitazama.

Pale ambapo hata hizo hazipo, kuna kumbukumbu za watu. Makarani wa sensa wamekuwa wakitumia kalenda ya matukio kwa miaka mingi, na sioni sababu ya jeshi kuidharau. Muulize mama: ulikuwa umeshamzaa wakati Kibaki alipoapishwa mwisho wa mwaka 2002? Alikuwa ameanza kutembea wakati wa kura ya maoni ya chungwa na ndizi, Novemba 2005? Kwa watu wa Malindi na Lamu, alikuwepo siku bahari iliporudi nyuma na kufurika, Desemba 2004? Zipo pia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mama aliyekimbia na mimba kutoka Burnt Forest au Naivasha hatasahau kamwe ni mtoto yupi aliyekuwa tumboni. Muulize yeye, kisha mwite jirani umuulize peke yake, na majibu yakipatana una ushahidi. Rika la tohara, kwa jamii zenye marika, husaidia kidogo tu. Rika la Wakalenjin hubeba miaka mingi, linakuonyesha kizazi cha mtu ila mwaka wake wa kuzaliwa haliutaji.

Ukishafanya yote hayo na bado hujui kama kijana ana miaka 17 au 18, mrudishe. Atachukia, atalia, na pengine familia ilikuwa imeuza mbuzi kwa nauli. Mwandikie barua kwamba hakukosa lolote, aje tena usajili ujao. Mwaka mmoja wa kusubiri unavumilika. Mtoto aliyepelekwa vitani hawezi kurudishiwa alichopoteza.

Sasa tuje kwenye uraia, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo.

Jeshi lina haki ya kujua linampa nani silaha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 78, imekwenda mbali zaidi ya raia wa kawaida: mwanajeshi haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Nchi iliyopigwa na magaidi katika jengo la Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa, haiwezi kuambiwa ifumbe macho mlangoni. Nakubali. Lakini mkumbuke pia kwamba mmoja wa walioishambulia Garissa alikuwa Mkenya, aliyehitimu sheria katika chuo kikuu cha hapa hapa nchini. Huyo hakukosa karatasi. Karatasi inathibitisha mtu ni wa wapi. Moyo wake hauandikwi humo, na anayedhani kwamba kuwabana vijana wa mpakani kwenye ofisi ya chifu ndiyo usalama wa nchi amejipa utulivu wa bure.

Uwanja wa makurutu ni mlango wa mwisho. Uraia wa kijana huwa umeamuliwa kabla, siku alipoomba kitambulisho akiwa na miaka 18. Na kwa miaka mingi mlango ule haukuwa mmoja kwa Wakenya wote. Kijana wa Nyeri au Kakamega alileta kitambulisho cha mzazi, akapigwa picha, akatia vidole, akasubiri. Kijana wa Mandera, Wajir au Garissa aliitwa mbele ya jopo la wazee na maafisa akapigwa msasa: taja ukoo wako, taja babu yako, taja chifu wa babu yako. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walichujwa na kupewa kadi yao ya pekee, jambo ambalo jamii nyingine hazikufanyiwa. Ukame ulipozidi, familia nyingine zilijiandikisha katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, ili zipate chakula cha msaada. Alama za vidole vya watoto wao zikabaki katika mfumo wa wakimbizi. Mtoto akakua, akaomba kitambulisho cha nchi yake, kompyuta ikamwambia yeye ni mkimbizi. Njaa ya utotoni ikawa ushahidi dhidi yake.

Wanubi nao? Mababu zao walikuwa askari Wasudani wa Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza. Wakapigana vita vya watu wengine kila pembe ya Afrika Mashariki, wakapewa mahali pa kuishi Kibra, na mwaka 1918 eneo lile la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa la askari hao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mnubi alipewa bunduki siku ya kwanza, na karne moja baadaye vijukuu wake walikuwa bado wanapelekwa mbele ya majopo kueleza ni wa wapi. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia. Hati ya ardhi ya Kibra waliipata mwaka 2017, tena ya ekari 288.

Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 wakidai kutambuliwa, wakapata vitambulisho. Washona wakafuata, kisha mwaka 2023 Wapemba wa pwani. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa, baadhi kwa vizazi vitatu. Siku moja kabla ya kutambuliwa kijana wao alikuwa mgeni asiyeweza hata kusogea karibu na meza ya makurutu, na siku iliyofuata alikuwa Mkenya kamili. Yeye hakubadilika. Kilichobadilika kilikuwa uamuzi wa wakubwa.

Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini akiwa Wajir tangazo la kuondoa msasa wa pekee kwa kaunti za mpakani. Ulikuwa uamuzi wa haki na nausifu bila kigugumizi. Kuna wenzetu walioupinga wakisema tumefungua mpaka. Nawajibu hivi: tangazo halikuondoa uchunguzi. Liliondoa uchunguzi wa kabila. Mwombaji bado ataleta ushahidi kama mwombaji wa Murang'a. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba chifu na karani wa ofisi ya chini wanalifuata, kwa sababu amri ya Ikulu inaweza kufia kwenye droo ya meza moja Takaba.

Na faida ya jeshi lenyewe isisahaulike. Tangu Oktoba 2011 wanajeshi wetu wamekuwa Somalia, na wengine wako msitu wa Boni kule Lamu. Katika ardhi hizo askari anayezungumza Kisomali, Kiborana au Kiaweer, anayejua visima viko wapi na wafugaji wanahama lini, anaokoa maisha ya wenzake. Kumzuia kijana huyo langoni kwa sababu nyanya yake hakuwa na kitambulisho ni kulidhoofisha jeshi kwa mikono yetu. Nyanya huyo tusimlaumu, maana vitambulisho vya wanawake nchini vilianza kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo kipande kilikuwa cha wanaume, kwa ajili ya kazi na kodi.

Ningetaka nini kifanyike? Kwanza, tangazo la makurutu lisitoke wiki chache tu kabla ya siku yenyewe huku kijana wa Loiyangalani akihitaji miezi kupata karatasi. Maafisa wa usajili wa watu na wa vizazi wazunguke kaunti ndogo zote miezi mitatu kabla, wakiwa na mashine zao, wakae sokoni na kwenye visima, ili jambo la umri na la uraia limalizwe huko, kimya kimya, na uwanja ubaki wa mbio na afya. Pili, anayeamua umri wa kijana asiye na cheti asiwe yule yule anayetafuta makurutu. Awepo afisa wa watoto, mwalimu au muuguzi, watu waliozoea kukaa na vijana. Tatu, anayekataliwa kwa sababu ya uraia apewe sababu kwa maandishi, pamoja na siku maalumu ya kusikilizwa rufaa yake. Leo wengi huambiwa tu, kwa mdomo, nenda kalete wazee. Na afisa au chifu atakayebadilisha mwaka wa kuzaliwa wa mtu kwa hongo, apelekwe mahakamani kwa kosa lake mwenyewe, badala ya kuhamishiwa kituo kingine.

Yatima nao wafikiriwe kwa namna yao. Cheti cha kifo cha mzazi, ushahidi wa mlezi na rejesta ya shule vitoshe. Katiba inasema mtoto wa chini ya miaka 8 akiokotwa Kenya, na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Kama tunaweza kumwamini huyo ambaye hatujui lolote juu yake, hatuna udhuru wa kumkatalia yatima ambaye kijiji kizima kinajua alikozikwa mama yake.

Lipo moja ambalo halihitaji serikali. Mzazi unayenisikiliza, una mtoto mchanga nyumbani: kama alizaliwa hospitali, usiondoke bila karatasi ya taarifa ya kizazi, kama alizaliwa nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu kabla miezi sita haijapita, maana baada ya hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa na mlolongo wake. Ifunge kadi ya kliniki ndani ya nailoni, uiweke pamoja na hati ya shamba. Na kama una kijana wa miaka 16 au 17 asiye na cheti, usingoje tangazo la jeshi. Nenda naye shuleni alikoanza darasa la kwanza, muombe mwalimu mkuu nakala ya rejesta iliyopigwa muhuri, uende nayo ofisi ya usajili wiki hii.